Baruapepe ikigoma baada ya kuhamishwa seva, usikimbilie kufuta akaunti

KAMPUNI, shule na vyama vya ushirika huhamisha baruapepe zao kutoka seva moja hadi nyingine kwa sababu mbalimbali, zikiwemo kutafuta huduma nafuu au kukosa nafasi kwenye seva ya zamani. Asubuhi inayofuata, si ajabu wafanyakazi kupata kwamba programu wanazotumia kusomea barua, kama vile Outlook na Thunderbird, zinadai neno la siri kila mara au zinasema haziwezi kuifikia seva.

Hapo ndipo wengi hufuta akaunti yote kwenye kompyuta ili waanze upya. Hatua hiyo inaweza kuwapotezea barua za miaka mingi.

Kuna njia mbili kuu za kupokea baruapepe. Katika njia ya IMAP, barua hukaa kwenye seva na kompyuta huonyesha nakala tu. Katika njia ya POP, programu huzivuta barua hadi kwenye kompyuta na mara nyingi huziondoa kwenye seva. Kwa hivyo, mikataba na stakabadhi za malipo za anayetumia POP huenda ziko kwenye kompyuta yake pekee, na aliyehamisha seva hakuzigusa kamwe. Kabla ya kubadilisha lolote, ni muhimu kuweka nakala ya barua hizo mahali pengine.

Baada ya hapo, jaribu kufungua barua zako kupitia tovuti ya huduma hiyo mpya. Zikifunguka, neno lako la siri ni sahihi na tatizo limo katika programu au mtandao wako. Zikikataa, kasoro huenda iko upande wa seva au neno la siri, na ni kazi ya fundi kuirekebisha.

Swali linalofuata ni hili: je, kompyuta yako inazungumza na seva gani? Intaneti ina daftari la majina, ambamo jina la kila seva huambatana na nambari ya anwani yake. Taarifa za daftari hilo hunakiliwa na kuhifadhiwa kwa muda uliowekwa, ambao unaweza kuwa dakika chache au siku nzima. Muda huo usipokwisha, kompyuta huendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Ndiyo maana wafanyakazi wawili wanaweza kupata matokeo tofauti, mmoja akipokea barua naye mwenzake akikosa. Ili kuthibitisha, tumia intaneti ya simu badala ya ile ya ofisi. Barua zikifunguka, huenda mtandao wa ofisi bado unashikilia anwani ya kale. Kuzima na kuwasha upya kompyuta na kifaa kinachosambaza intaneti kunaweza kusaidia.

Vivyo hivyo, watumaji wengine huendelea kupeleka barua kwenye seva ya zamani kwa muda. Oda ya mteja au mwaliko wa zabuni unaweza kulala huko bila mtu kujua. Seva hiyo isifungwe mara moja, bali ikaguliwe kwa siku kadhaa.

Iwapo anwani ni sahihi, kagua mipangilio ya programu. Kwa kawaida IMAP hutumia lango nambari 993, POP hutumia 995, nayo kazi ya kutuma hutumia 587 au 465. Kupokea na kutuma huwa na mipangilio tofauti. Anayepokea lakini hawezi kutuma huenda amebadilisha upande mmoja tu. Isitoshe, baadhi ya seva hutaka anwani yote kama jina la mtumiaji, si sehemu ya kwanza pekee.

Programu ikionya kwamba cheti cha usalama hakilingani na jina la seva, usibonyeze kukubali bila kuuliza. Pengine jina uliloandika ni la seva ya zamani, lakini onyo hilohilo hutokea pia mtu anapojaribu kunasa neno la siri.

Programu za zamani zina tatizo lao. Kuanzia Oktoba 2022, Microsoft ilianza kuzima katika huduma yake ya Exchange Online njia ya kale ya kuingia kwa jina na neno la siri pekee ili kusoma barua. Programu isiyojua njia mpya hukataliwa hata neno la siri likiwa sahihi.

Mwishowe, kumbuka simu yako. Ikiwa bado ina neno la siri la zamani, itaendelea kulijaribu usiku na mchana, na seva inaweza kufunga akaunti kwa kudhani inashambuliwa. Irekebishe simu pamoja na kompyuta, la sivyo tatizo litarudi hata baada ya fundi kuondoka.