Hifadhi, Karantini na Kiumbe Mgeni: Maneno Matatu ya Sheria katika Kiswahili cha Beni na Butembo

Uhifadhi wa mazingira asilia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unasimamiwa na Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, ilhali mvuvi wa Kyavinyonge na mkulima wa kando ya Virunga huipokea kwa Kiswahili au Kinande, aghalabu kwa masikio tu. Ibara ya 142 ya Katiba ya mwaka 2006 inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika muda wa siku 60. Je, maneno ya Kiswahili yanabeba maana aliyoikusudia mtunga sheria? Maneno matatu yanatosha kuonyesha uzito wa swali hili.

La kwanza ni hifadhi. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee, kama mwanafunzi wa Kurani ahifadhivyo sura. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku mahali penyewe huitwa kwa neno la Kifaransa parc lililopewa matamshi ya Kiswahili, nalo hutaja mpaka tu: huku shamba, kule marufuku. Virunga ilianzishwa mwaka 1925, enzi ya ukoloni wa Kibelgiji. Ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Anayeijua kwa neno la mpaka peke yake huiogopa. Anayeijua kwa neno la kutunza anaweza kuuliza anatunziwa nini, na jibu lipo: kwa mfano, mazalio ya samaki wa Ziwa Edward.

La pili ni karantini. Asili yake ni Kiitaliano, kutokana na siku 40 ambazo meli zilizuiliwa bandarini. Huko Zanzibar, kisiwa kidogo cha Changuu kilitumiwa kuwazuilia abiria waliohofiwa kuwa na maradhi. Basi tangu awali neno hili lilihusu watu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287, na Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Baada ya msiba huo, agizo la kuweka migomba karantini laweza kusikika kama tangazo la kifo. Kinachotakiwa ni kidogo kuliko hicho. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, huenezwa na wadudu, na machipukizi yenye ugonjwa na na panga lisilosafishwa. Agizo lililo wazi ni hili: pitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, usipande chipukizi lililotoka shamba linalougua.

La tatu ni kiumbe mgeni, yaani mmea au mnyama aletwaye kutoka nje akadhuru wa asili. Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, kisha akawa adui wa ndege wa kisiwani. Lakini Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni heri, si hatari. Wataalamu wengine husema kiumbe vamizi. Neno hilo ni sahihi, ila mjini Beni, ambako mauaji ya raia yamekuwa yakirudiwa tangu Oktoba 2014, kuvamia humkumbusha msikilizaji watu wenye silaha. Afadhali kutaja tendo lenyewe: kiumbe kinachoenea na kuua vingine.

Kwa muhtasari, kutafsiri sheria si kubadilisha neno kwa neno. Mfasiri hana budi kujua neno limepitia wapi kabla ya kufika masikioni mwa msikilizaji, na mahali ambapo neno limelemewa na huzuni, aeleze tendo. Mkulima anayeadhibiwa kwa agizo asilolielewa hujifunza kuikwepa sheria. Aliyelielewa ndiye anayeweza kulitetea shamba lake na msitu wa jirani kwa pamoja.