SONONA SI UVIVU: KISA CHA MPIGA GITAA WA MAREKANI

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa bweni, na kazi yangu moja ilikuwa kuandika majina ya wale waliobaki kitandani baada ya kengele ya alfajiri. Jina la mwenzetu mmoja nililiandika mara tisa katika muda wa majuma matatu. Kijana huyo hapo kwanza alikuwa hodari wa mpira na mcheshi sana wakati wa chakula. Lakini sasa usiku hakupata usingizi, na asubuhi hakuweza kuinuka. Uji wake aliwapa wengine. Akifungua kitabu, aliutazama ukurasa mmoja saa nzima. Mimi nilimwita mvivu mbele ya bweni zima, naye akapewa adhabu ya kufyeka majani. Alifyeka bila kusema neno. Mwishowe mwalimu wa malezi alikaa naye chini ya mwembe alasiri nzima, kisha akampeleka hospitali, na huko daktari akasema kwamba kijana ni mgonjwa, na ugonjwa wake huitwa sonona. Leo yumo darasani pamoja nasi. Amenipa ruhusa ya kuandika habari hii mradi nisimtaje jina.

Jambo hili lilinitia haya sana, nikataka kuujua ugonjwa wenyewe. Mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye ni mpenzi wa gitaa, aliniazima kitabu cha maisha ya Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alichokiandika mwenyewe na kukitoa mwaka 2016. Kisa chake kimenifunza mengi, nami naomba nafasi niwasimulie.

Kwanza tuulize, sonona ni nini? Kila mtu huona huzuni. Ukifiwa, ukishindwa mtihani, au ukigombana na rafiki, moyo huwa mzito, lakini baada ya siku kadhaa hupoa. Sonona si hivyo. Mwenye sonona huwa na moyo mzito, au hukosa hamu ya mambo yote aliyoyapenda, karibu kutwa nzima na karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Tena mwili nao hushiriki: usingizi huharibika, chakula hakina ladha, nguvu huisha, akili haitulii juu ya jambo moja. Mgonjwa hujiona hafai kitu na hujilaumu kwa makosa yasiyokuwa yake. Wengine hufikia kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni wana ugonjwa huu. Basi si ugonjwa wa nchi moja wala wa watu wa aina moja.

Sasa tuje kwa Springsteen. Alizaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey, akakulia mji mdogo wa Freehold. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye kipato kidogo. Baba yake alibadili kazi mara kwa mara, na mara nyingi usiku alikaa peke yake jikoni gizani, akivuta sigara na kunywa bia, bila kusema na mtu. Mtoto alidhani kwamba baba hampendi. Miaka mingi ilipita ndipo madaktari walipotambua kwamba mzee yule alikuwa na ugonjwa wa akili. Hapa nilijifunza jambo la kwanza, kwamba maradhi ya namna hii yaweza kupita katika ukoo. Lakini si lazima kila mtoto ayapate, na ayapataye si kwamba amelaaniwa.

Springsteen alishika gitaa tangu ujana, na kufikia mwaka 1975 jina lake lilikwisha enea Marekani nzima. Tangu Oktoba 1980 hata Septemba 1981 alizunguka na bendi yake, Marekani na Ulaya, mji baada ya mji. Ziara ilipokwisha alirudi New Jersey, akapanga nyumba mahali paitwapo Colts Neck, na mwanzoni mwa mwaka 1982 akarekodi nyimbo za huzuni chumbani mwake kwa mashine ndogo ya kaseti. Nyimbo hizo zilitoka mwaka huohuo katika sahani iitwayo Nebraska. Baadaye alisafiri kwa motokaa pamoja na rafiki yake kwenda California. Njiani, katika mji mdogo wa Texas, walikuta watu wa mji wakisherehekea jioni, muziki ukipigwa, watu wakicheza na watoto wakikimbia. Springsteen aliwatazama akajiona yu mbali nao kabisa, kama mtu aliyesimama nje ya kioo. Hofu na majonzi vikamshika ghafula, wala hakujua sababu. Alikuwa na miaka 32, ana fedha, ana sifa, ana afya ya mwili. Alipofika California alimpigia simu meneja wake, Jon Landau, akamweleza. Landau hakumcheka, bali alimtafutia daktari wa akili. Tangu hapo Springsteen akaanza matibabu ya mazungumzo, akayaendeleza kwa miaka mingi.

Labda msomaji atauliza, mtu anayeshangiliwa na maelfu atasononekaje? Hebu tufikiri juu ya maisha ya mwanamuziki wa ziara. Tuseme onyesho laanza saa mbili usiku na kwisha saa tano. Kwa muda huo moyo wake unapiga mbio na mwili wote umeamka. Ashukapo jukwaani hawezi kulala, na mara nyingi usingizi humjia karibu na alfajiri. Asubuhi yampasa aingie tena katika basi au ndege. Hali kwa wakati, halali kwa wakati, na jamaa zake wako mbali. Mbele yake wako watu wengi wampendao, lakini hakuna hata mmoja amjuaye. Wengine hutafuta usingizi katika pombe na dawa za kulevya, na hayo huzidisha ugonjwa. Kisha siku moja ziara hukoma, makelele hukoma, na mtu hubaki chumbani na mawazo yake. Springsteen mwenyewe ameeleza kwamba kwa muda mrefu jukwaa ndilo lililokuwa dawa yake ya kujituliza. Lakini dawa hiyo ilitibu kwa saa chache tu, kwa kuwa kilichokuwa ndani yake hakikuondoka.

Sonona yaweza kupona ikarudi, kama homa ya malaria impatavyo mtu aliyekwisha ipata zamani. Springsteen ameandika kwamba ilimrudia kwa nguvu alipokuwa na umri wa miaka 60 hata 62, ikampa nafuu kwa mwaka mmoja hivi, ikamshika tena tangu miaka 63 hata 64. Sasa tazama jambo hili la ajabu. Tarehe 31 Julai 2012, naye ana miaka 62, alipiga muziki mjini Helsinki, Finland, kwa zaidi ya saa nne, na hilo lahesabiwa kuwa onyesho refu kuliko yote aliyopata kufanya. Nani miongoni mwa watazamaji angalidhani kwamba miaka ile ndiyo miaka ya ugonjwa wake? Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mkewe, Patti Scialfa, ambaye pia ni mwanamuziki katika bendi yake, ndiye aliyeiona hatari na kumpeleka kwa madaktari. Alipewa dawa, zikamsaidia.

Juu ya dawa nami nilikuwa na dhana mbaya, nikifikiri kwamba atibiwaye akili amekwisha kazi. Sivyo. Springsteen alianza matibabu mwaka 1982, na mwaka 1984 alitoa Born in the U.S.A., sahani iliyouzwa kwa mamilioni kuliko nyingine zake zote. Mwaka 1988 alifika hata Afrika, akapiga muziki Harare na Abidjan katika ziara ya kutetea haki za binadamu pamoja na Tracy Chapman na Youssou N'Dour. Matibabu ya sonona ni ya namna mbili hasa: mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyesomea kazi hiyo, na vidonge anavyoandika daktari. Vidonge hivyo havifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa, wala mgonjwa asiviache mwenyewe aonapo nafuu, bali amwulize daktari wake kwanza.

Sasa maneno machache kwa wenzangu. Ukimwona mwenzako amebadilika kwa majuma mawili au zaidi, hali, halali, hachezi, usimpe jina la kumcheka. Kaa naye umwulize hali yake, kisha msikilize bila kumkatiza. Usimwambie ajikaze, kwa maana aliyevunjika mguu haambiwi akimbie. Akisema kwamba anatamani kufa, usiichukue siri hiyo peke yako hata kama amekuapisha. Usimwache peke yake, na mwite mwalimu, matroni au mtu mzima mwingine saa hiyohiyo. Na kama ni wewe mwenyewe, mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kama Springsteen alivyomwambia Landau kwa simu.

Waalimu wetu, kwa heshima nasema kwamba mvivu na mgonjwa hufanana wakiwa kitandani. Yafaa tuwaulize kabla ya kuwaadhibu. Nanyi wazazi wetu, mtoto akirudi likizo amenyamaza, msiseme mara moja kwamba ameharibiwa na shule au amerogwa. Mpelekeni kwa daktari kama mngalivyompeleka kwa homa. Mkitaka pia kumwombea, mwombeeni, lakini safari ya hospitali isingoje.

Mwenzangu yule nilimwomba radhi siku aliporudi kutoka hospitali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba adhabu ya kufyeka haikumwumiza sana, bali kicheko cha bweni siku ile nilipomwita mvivu. Kazi ya kuandika majina bado ninayo muhula huu. Lakini sasa, kabla sijaandika jina la mtu, huenda kwanza kitandani kwake nikamwuliza, "Ndugu, umelalaje?" Mara nyingi hunijibu kwamba alichelewa kulala kwa mazungumzo, nami nikaandika. Mara mbili nimejibiwa vingine, nikaenda kumwita mwalimu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV