Lori la jeshi likifuka moshi, usikimbilie kufungua injini

UKISIMAMA kando ya barabara ya Jogoo asubuhi, karibu na mtaa wa Makongeni jijini Nairobi, utayaona malori ya kila aina yakielekea Eneo la Viwanda au yakileta mchanga na mawe ya ujenzi mitaani. Mara moja moja hupita moja lisilofanana na mengine. Limeinuka juu kutoka ardhini, magurudumu yake ni makubwa na yenye meno, na chini ya rangi mpya kunachungulia rangi ya kijani. Hilo lilikuwa lori la jeshi. Na mara nyingi huacha nyuma yake wingu la moshi linalowafanya abiria wa matatu kufunga madirisha na akina mama kuziba pua kwa leso.

Huenda wewe msomaji umeshacheka na kuliita mkebe. Lakini kwa familia iliyolinunua, mkebe huo ni kiinua mgongo cha baba, au akiba ya ndugu watatu waliochanga ili wapate riziki. Wameambiwa kwamba gari la jeshi halichoki, kwamba lilitunzwa vizuri na limetembea maili chache tu. Wiki ya pili linaanza kufuka moshi. Fundi wa kwanza analitazama, anatikisa kichwa na kusema: "Injini imekufa, ifunguliwe."

Je, ni kweli imekufa? Pengine ndiyo, pengine sivyo. Kufungua injini ya lori la zamani kunaweza kumeza pesa zote zilizobaki, na huenda kasoro ilikuwa chujio la hewa lililojaa vumbi. Makala haya yanakusudia kukupa macho ya kuusoma moshi kabla hujatoa pesa mfukoni.

Wazee wa reli waliusoma

Makongeni ni mtaa uliozaliwa na reli, na watu wa reli walijua kuusoma moshi zamani. Garimoshi kubwa za Garratt za daraja la 59, ambazo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilizipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa 34, na kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Mchochea moto alitupia jicho bomba la moshi kila mara. Moshi mweusi ulimwambia kwamba mafuta yamezidi na hewa imepungua. Moshi mweupe ulimwambia kwamba hewa imezidi. Alichotaka ni ukungu mwepesi tu wa kijivu.

Mbili kati ya garimoshi hizo, nambari 5918 na 5930, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ukiwapeleka watoto huko, waambie kwamba ujuzi wa yule mchochea moto ndio fundi wa dizeli anaouhitaji leo, ingawa rangi nyingine hubadilika maana.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Pistoni huibana hewa mpaka ikapata joto la zaidi ya digrii 500, kisha nozeli hurusha dizeli ndani kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo mambo matatu lazima yawe sawa: hewa ya kutosha, mbano wa kutosha, na dizeli ya kiasi kinachofaa kwa wakati unaofaa. Moshi ukizidi, moja kati ya hayo limeharibika, au kuna kitu kingine kinachoungua ambacho hakikupasa kuwamo.

Moshi mweusi: anza na hewa

Moshi mweusi ni masizi ya dizeli ambayo haikupata hewa ya kuunguzia. Jambo la kwanza la kutazama ni chujio la hewa. Malori mengi ya zamani ya jeshi yana chujio lenye bakuli la oili: hewa hupita juu ya oili, na vumbi hunaswa humo. Bakuli hilo likigeuka tope, injini hukosa pumzi na moshi huwa mweusi. Tena, kama lori lilikaa miaka uwanjani likisubiri mnada, fundi na achungulie bomba la hewa. Panya na nyigu hupenda kujenga humo.

Jambo la pili ni mzigo. Bedford MK, lori lililojulikana sana majeshini tangu miaka ya 1970, liliundwa kubeba tani nne. Wanunuzi wengi huongeza mbao ubavuni, wakalijaza mchanga kana kwamba ni lori la tani kumi. Kila likipanda kilima dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na moshi mzito hutoka. Hapo injini haina ugonjwa, ila inaonewa.

Jambo la tatu ni mikono ya watu. Pampu ya dizeli ina skrubu inayopima kiasi cha mafuta, na kwa kawaida hufungwa kwa waya wa lakiri ili isichezewe. Ukikuta waya umekatwa, jua kuna mtu aliyeongeza mafuta ili lori lipate nguvu. Nguvu kidogo ilipatikana, lakini moshi ukaongezeka, dizeli ikaliwa, na pistoni zikapata joto lisilo lao.

Usisahau mahali ulipo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kama 15. Injini isiyo na turbo ambayo pampu yake ilipimwa pwani itatoa moshi zaidi ikifika Nairobi, hata kama ni nzima. Fundi anayeijua kazi yake ataipunguza dizeli kidogo ili ilingane na hewa iliyopo.

Kama hayo yote ni sawa, tazama nozeli. Nozeli nzuri hurusha ukungu, iliyochoka hudondosha matone kama bomba bovu la maji. Fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikinguruma polepole. Silinda ambayo mlio haubadiliki bomba lake likilegezwa ndiyo yenye kasoro. Kazi hii mwachie fundi. Dizeli hutoka hapo kwa nguvu inayoweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbiziwa hospitali hata likionekana dogo kama tundu la sindano.

Moshi mweupe: nusa kwanza

Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai karibu kila injini kuukuu ya dizeli hutoa moshi mweupe. Ukipotea baada ya dakika chache, usihangaike. Usipopotea, unusu. Kama unawasha macho na kunuka dizeli, basi mafuta yanatoka bila kuungua. Pengine pampu imefungwa kwa majira yasiyo sawa na inarusha dizeli ikiwa imechelewa, pengine nozeli inavuja, au mbano wa silinda umepungua.

Kama hauna harufu ya mafuta, ni mvuke wa maji. Shika kitambaa kikavu mbele ya ekzosi kwa muda mfupi. Dizeli huacha utelezi na harufu, maji huacha unyevu tu. Kisha tazama rejeta kabla injini haijapata moto. Je, maji hupungua kila siku bila kuonekana yanakovuja? Ukiwasha injini, kuna mapovu yasiyokwisha? Kama ndivyo, huenda gasketi ya kichwa cha silinda imeungua au kichwa chenyewe kimepata ufa. Usiliendeshe lori hilo. Maji yakijaa juu ya pistoni, injini inaweza kuvunjika mara moja.

Moshi wa samawati: oili inaliwa

Moshi wa rangi ya samawati, ule wa buluu hafifu, unasema kwamba oili ya injini inaungua. Hapa ndipo mafundi wengi hutangaza kifo. Lakini uliza kwanza: moshi hutoka wakati gani?

Ukitoka kidogo tu lori linapowashwa asubuhi, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu kama ule wa Mai Mahiu, kasoro huenda iko kwenye valvu, kwa sababu oili huteremka taratibu kupitia miongozo yake iliyolika. Ukitoka kila wakati lori linapovuta mzigo, ringi za pistoni ndizo za kushukiwa. Kama lori lina turbo, sili zake zitazamwe pia.

Na kabla ya yote hayo, rudi kwenye lile bakuli la chujio. Likijazwa oili kupita alama, injini huifyonza na kutoa moshi wa samawati. Kupunguza oili hiyo ni kazi ya dakika kumi. Si watu wachache walioambiwa wanunue ringi mpya kwa kosa la kibaba kimoja cha oili.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili iliyoongezeka bila wewe kuiongeza na inayonuka dizeli ina maana kwamba mafuta yanavuja kuingia chini ya injini. Iliyogeuka kama chai ya maziwa imechanganyika na maji. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma polepole. Hewa kidogo ikitoka ni kawaida. Ikitoka kwa kishindo kama pumzi ya mtu aliyekimbia, mbano unapita kando ya pistoni, na hapo fundi aliyesema injini ifunguliwe huenda ana haki. Hata hivyo, mwambie apime mbano wa kila silinda kwa kipimo chake na akuonyeshe. Asiyekuwa na kipimo anabahatisha kwa pesa zako.

Mtego wa maili chache

Kwa nini magari ya jeshi hudanganya? Kwa sababu mita ya maili huhesabu safari, haihesabu saa. Lori la kambini linaweza kukaa likinguruma muda mrefu bila kwenda popote, kisha likaegeshwa miezi mingi. Kunguruma bila mzigo hujaza masizi kwenye ringi mpaka zikaganda mahali pake. Kukaa bila kazi huiharibu dizeli ndani ya tangi, maji yakakusanyika chini na uchafu ukaziba vichujio. Kwa hiyo lori lililotembea maili 20,000 linaweza kuwa na injini iliyochoka kuliko lililotembea maili laki moja.

Mara nyingine dawa ni kulisafisha tangi, kubadilisha oili na vichujio, kisha kulifanyisha lori kazi ya wastani kwa muda. Ringi zilizoganda huweza kulegea. Ukiona moshi unapungua wiki baada ya wiki, umeokoa pesa nyingi.

Kuna pia suala la mafuta yenyewe. Kwa muda mrefu walanguzi wamekuwa wakichanganya dizeli na mafuta taa, mpaka serikali ikaweka ushuru maalum wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa Septemba 2018 ili kuwazima. Mafuta taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, kwa hiyo hulika kabla ya wakati, na nozeli iliyolika ni moshi. Dizeli ya bei ya kutupa kutoka kwa mtungi wa kando ya barabara ina gharama yake.

Mapafu ya jirani

Msomaji, usidhani hili ni jambo la mwenye lori peke yake. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli kwamba dizeli ya Kenya ni safi zaidi tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipopunguza kiasi cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini dizeli safi ikiingia katika injini chafu bado hutoa masizi. Katika mitaa ya Eastlands, ambako dirisha la mtu liko hatua chache kutoka kwa lori la jirani, injini inayopashwa moto alfajiri huwaamsha watoto kwa kikohozi. Lisogeze mbali na nyumba kabla ya kuliwasha, na usiliache likinguruma bure.

Sheria nayo haijalala. Kanuni za kuzuia moshi wa magari zilitolewa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira, na polisi wanaweza kulisimamisha gari linalofuka kupita kiasi. Ni heri moshi uugundue wewe nyumbani kuliko uonyeshwe na mkaguzi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa shilingi, andika mambo manne kwenye karatasi: moshi ni wa rangi gani, hutoka wakati gani, unanuka nini, na ni kitu gani kinachopungua kati ya maji, oili na dizeli. Mpe fundi karatasi hiyo, umwombe aanze na vitu rahisi: hewa, mzigo, vichujio, nozeli, pampu, na injini yenyewe mwisho. Fundi wa kweli atafurahi. Akikasirika kwa sababu umemuuliza, tafuta mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pia usibomoe ukuta mzima kwa sababu ya ufa ambao hujaupima.