Ukaguzi wa diski ukikwama, okoa mafaili kwanza

Umeme umekatika saa tano asubuhi, umerudi saa saba mchana. Mwenye steshenari anawasha kompyuta, lakini haifunguki kama kawaida. Kioo kinabaki cheusi, na maandishi madogo meupe yanasema diski C inakaguliwa na kurekebishwa: asilimia 11. Mteja wa kwanza anataka kuchapisha wasifu wa kuombea kazi, wa pili ana barua ya serikali ya mtaa. Nusu saa inapita, bado ni 11. Mkono unakwenda kwenye swichi ya ukutani.

Mkono huo ndio ninaotaka kuuzuia. Kompyuta za ofisi ndogo, shule na maduka zimebeba vitu visivyo na nakala popote: matokeo ya wanafunzi, hesabu za vikoba, tasnifu ya mtu aliyebakiza mwezi mmoja kuikabidhi. Vingi hupotea baada ya hitilafu, kwenye haraka ya kuitengeneza.

Kompyuta nyingi za Windows hupanga diski kwa mfumo wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993. Mfumo huo una orodha kuu inayosema kila faili linaitwaje na limekaa sehemu gani. Mabadiliko ya orodha huandikwa pembeni kwanza ndipo yatekelezwe, kwa hiyo umeme ukikatika mara nyingi mambo hujiweka sawa yenyewe. Lakini Windows ikigundua kwamba orodha haipatani na kilichopo, huipiga diski alama ya kuwa ina kasoro. Ukiwasha tena, kiprogramu kiitwacho autochk huiona alama hiyo na kuanza ukaguzi kabla Windows yenyewe haijafunguka. Alama haifutwi mpaka kazi iishe. Ndiyo maana anayezima katikati na kuwasha tena hurudishwa mwanzo, hata mara kumi.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni hili: ukaguzi huo haukuwekwa kwa ajili ya kuokoa mafaili yako. Ni kama mtunza ghala anayelinganisha daftari na rafu. Akikuta boksi lisiloandikwa, atalisukuma pembeni. Akikuta jina lisilo na mzigo, atalifuta. Mwisho wa siku daftari limenyooka, naye amefanya kazi yake, hata kama boksi lililosukumwa pembeni ndilo ulilokuwa unalitafuta. Kwenye Windows pembeni hapo ni folda iliyofichwa inayoitwa found.000, yenye vipande vilivyopewa majina ya namba. Aliyewahi kutafuta mkataba mmoja ndani ya mamia ya vipande hivyo anajua adha yake.

Tuanze na swali la kwanza: je, imekwama kweli au inakwenda polepole? Asilimia zile si saa. Zinaweza kuruka kutoka 2 hadi 11 kwa dakika moja, kisha zikaganda saa tatu. Ukaguzi mzito husoma diski yote, hata sehemu tupu. Diski ya terabaiti 1 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji karibu saa tatu, na hiyo ni diski nzima isiyo na tatizo. Ikifika mahali palipoharibika, diski hujaribu kusoma tena na tena kabla ya kukata tamaa. Chukulia kila sehemu mbovu inakula sekunde saba: sehemu 1,000 ni karibu saa mbili nyingine, na namba kwenye kioo haitasogea.

Kwa hiyo usiangalie kioo, angalia taa. Kompyuta nyingi za mezani, na baadhi ya mpakato, zina kitaa kidogo cha diski, mara nyingi chenye alama ya silinda. Kikipepesa, kazi inaendelea. Iache mpaka kesho yake asubuhi, na kama ni mpakato hakikisha chaja imechomekwa. Weka sikio pia. Diski ya zamani inayofanya kazi hutoa mkwaruzo mwepesi usiofuata mpangilio. Ukisikia tak, tak, tak kwa mapigo yaliyolingana, tena na tena, zima. Hiyo ni sauti ya diski inayokufa, na kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kuondoka na kitu.

Kitaa kikizimika kabisa kwa saa nzima na hakuna sauti, hapo unaweza kukubali kwamba imeganda. Shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime. Chomoa flashi, diski za nje, kisoma kadi na printa, ubaki na kibodi na kipanya tu. Ukiwasha, kabla ya ukaguzi kuanza utaona sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma; bonyeza kitufe chochote kwenye kibodi na ukaguzi utarukwa. Windows ikifunguka, usifungue barua pepe, usijibu ujumbe, usianze kutafuta programu ya kutengeneza diski. Chomeka diski ya nje na unakili mafaili yako, ukianza na yale ambayo huwezi kuyapata tena.

Isipofunguka, bado usikate tamaa. Unaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaosoma diski za NTFS, kisha ukanakili ukiwa humo. Au ichomoe diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB. Hiyo nyingine ikikuuliza kama irekebishe diski, kataa. Kwa diski yenye sehemu mbovu, mafundi makini hutumia ddrescue, programu ya bure inayochukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kuyarudia magumu mwishoni. Kompyuta mpya nyingi, hata hivyo, zimefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hutasoma kitu. Tafuta leo ulipo, mara nyingi kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi.

Nakala ikishapatikana, sasa tengeneza. Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo hukuletea ukurasa wa matengenezo; usipokuja, washa kwa flashi yenye Windows. Ingia kwenye dirisha jeusi la amri. Humo herufi za diski zinaweza kubadilika, C ikawa D, kwa hiyo andika dir na jina la diski uone kama folda zako zipo. Kisha chkdsk c: /f, ukiweka herufi sahihi. Amri hii hurekebisha orodha tu, na mara nyingi haichukui muda mrefu. Ile ya /r husoma diski nzima. Mimi siitumii kwenye diski ninayoishuku, kwa sababu inaitwisha mzigo wakati haina nguvu ya kuubeba. Ukaguzi ukiisha salama, alama inafutwa na kioo kile cheusi hakirudi.

Kikirudi, tatizo ni chombo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukaguzi mwingi hufanyika kimyakimya ukiwa kazini, na wakati wa kuwasha hurekebishwa palipoonekana na kasoro. Kompyuta ya kizazi hiki ikikaa saa nyingi pale, mimi naishuku diski yenyewe. Kila diski hujiwekea rekodi za afya, na CrystalDiskInfo, programu ya bure, huzionyesha. Kwenye diski ya kuzunguka, namba 05 na C5 zikipanda kutoka sifuri, nunua diski nyingine. Ikiwa inayopanda ni C7 peke yake, badilisha kwanza kebo ya diski, bei yake ni ndogo sana. Namba 09 ni saa ambazo diski imewashwa tangu itengenezwe. Wanaonunua kompyuta zilizotumika waiangalie kabla ya kutoa fedha: saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa, usiku na mchana.

Ukimpelekea fundi, usimwambie tu kwamba kompyuta haiwaki. Wengi watakupigia Windows upya, na ukiwa umekaa kwenye benchi ukisubiri wanaweza kuwa wamefomati kila kitu. Si kwa ubaya, ni kwa sababu hukusema unataka nini. Mwambie kabla hajafungua skrubu ya kwanza: mafaili kwanza, Windows baadaye. Akikurudishia kazi, diski ya zamani ondoka nayo, na usiifute kabla hujafungua kwenye ile mpya picha kadhaa, jedwali la hesabu, na faili kubwa kuliko yote uliyonayo.