Ofisi ndani ya fleti (2): Tafuta ukuta kabla ya kununua meza

Katika sehemu ya kwanza tuliwaangalia watu wanaofanyia kazi zao nyumbani katika fleti za Dar es Salaam: wahasibu, wafasiri, walimu wanaofundisha kwa mtandao, wachoraji wa ramani za nyumba, na walioajiriwa na kampuni za ng'ambo ambazo hawajawahi kutia mguu katika ofisi zake. Baada ya hapo wasomaji kadhaa wameniuliza swali moja: ninunue meza ya namna gani? Nawaomba wasubiri kidogo. Meza ndiyo inayoonekana, kwa hiyo watu huanza nayo. Lakini katika nyumba ya chumba na sebule, meza nzuri ikiwekwa mahali pabaya haimalizi mwezi kabla ya kujaa nguo zilizoanuliwa. Cha kutafuta kwanza ni ukuta: katika kuta zote za nyumba, ni upi wenye mwanga, hewa na utulivu wa kumwezesha mtu kukaa saa sita bila kuumia na bila kuwasumbua wenzake?

Tuanze na jua, maana halibembelezeki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua linakuwa juu sana mwaka mzima. Juni huelemea kaskazini, Desemba huelemea kusini, lakini haliendi mbali na utosi. Ndiyo sababu dirisha linalotazama kaskazini au kusini hukingwa vya kutosha na kipande kifupi cha zege juu yake, au na roshani ya jirani wa ghorofa ya juu. Dirisha la mashariki na la magharibi halina kinga hiyo. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linapenya moja kwa moja hadi katikati ya chumba. La magharibi ni baya zaidi, kwa kuwa linaingia wakati zege limeshashiba joto la mchana kutwa.

Namfahamu mama mmoja, mfasiri wa nyaraka za kisheria, anayeishi ghorofa ya tatu Upanga. Meza yake aliiweka chini ya dirisha la sebule linalotazama magharibi, kwa sababu hapo palikuwa na upepo na aliweza kuona miembe. Ikifika saa tisa alasiri skrini ilikuwa haisomeki. Akatundika khanga dirishani. Jua likazuilika, na upepo nao ukakatika. Akawasha feni, karatasi zikaruka, akazikandamiza kwa kokoto. Kwa kuwa khanga ilileta giza, akawasha taa, mchana kweupe. Nilipokaa kwenye kiti chake niliona kwamba kila kitu juu ya meza ile kilikuwa dawa ya shida iliyoletwa na dawa iliyotangulia. Tuliisogeza meza chini ya mita mbili, tukaiingiza kwenye kona, ikaegemea ukuta wa kaskazini, kando ya dirisha badala ya chini yake. Mwanga sasa unamjia kutoka mkono wa kushoto, na miali ya alasiri inapita nyuma ya kiti chake. Khanga imerudi kabatini.

Dirisha liwe ubavuni: nikitakiwa kutoa kanuni moja tu, ni hiyo. Likiwa mbele yako, macho yanahangaika kati ya anga jeupe na skrini iliyofifia, na kufika jioni kichwa kinauma. Likiwa nyuma yako, linajichora kwenye skrini, na katika mkutano wa video wenzako wanaona kivuli, uso hawauoni. Anayeandika kwa mkono wa kulia aliweke kushoto, asijifunike kwa kivuli cha mkono wake. Wala asiogope kwamba akikaa pembeni mwanga hautamtosha. Jua kali la nje linaweza kupita luksi 100,000, hali kanuni za ofisi za Ulaya zinataka luksi 500 tu juu ya meza ya kuandikia. Mchana fleti zetu hazina upungufu wa mwanga. Tatizo ni mwanga kuingia mahali pasipotakiwa.

Upepo wa pwani una ratiba yake na wenyeji wanaijua: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi ukitokea kaskazini-mashariki, kusi hushika kuanzia Aprili au Mei ukitokea kusini-mashariki. Anayetafuta ukuta wake azingatie hilo. Lakini upepo hauingii nyumba isiyo na pa kutokea. Ukifungua dirisha moja huku mlango wa chumba umefungwa, hewa inasimama, hata kama miti ya nje inayumba. Meza ikae karibu na njia ya upepo, kati ya dirisha na mlango, bila kuuziba. Feni nayo ina mipaka yake: haipoozi hewa, inakausha jasho la mtu aliye mbele yake. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuchoma luku bure.

Sasa tunafika penye mtihani. Sauti hupita panapopita hewa. Madirisha ya vioo vya vipande, ambayo bado ni mengi katika fleti za zamani, hayazibi vizuri hata yakifungwa, na ukiyafungua upate upepo umeshaikaribisha bodaboda na jenereta ya duka la chini. Nimeona watu wakibandika trei za mayai ukutani wakiamini zitazuia kelele. Hazizuii. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuziba nyufa. Vitu laini hupunguza mwangwi ndani ya chumba, na hayo ni mambo mawili tofauti. Pazia zito, zulia, kitanda chenye godoro, kabati lililojaa nguo, vyote vitamsaidia mtu wa upande wa pili wa simu akusikie vizuri. Bodaboda ataisikia pia. Kwa kelele za barabarani, dawa ni kukaa upande wa nyumba usioelekea barabara na kupanga simu muhimu saa ambazo mtaa umetulia. Na kabati la nguo lihamishiwe kwenye ukuta mnaoshirikiana na jirani, maana uzito wake utasaidia kidogo pande zote mbili.

Kuna jambo ambalo vitabu vya usanifu wa ofisi havina habari nalo, na kwetu ni kubwa: stara. Mtu akiegemeza meza ukutani na kukaa akitazama ukuta, kamera ya kompyuta yake inatazama nyumba nzima nyuma yake. Mama mkwe anapita na khanga kifuani, mtoto anatoka kuoga, mgeni amelala kwenye kochi. Watu hao hawakuajiriwa na kampuni yoyote, wala hakuna aliyewaomba ruhusa. Nimewahi kuona nyumba ambamo kila mkutano wa video ulipoanza familia ilijikunyata chumbani, wanawake wakishindwa kufika jikoni kwao wenyewe kwa saa nzima. Huo ni uonevu, hata kama aliyeuleta hakuukusudia. Nafasi ikiruhusu, kaa mgongo ukiwa ukutani, kamera ione rangi ya ukuta basi. Isiporuhusu, tundika pazia nyuma ya kiti, kwenye waya au bomba jepesi, livutwe wakati wa mkutano tu. Pazia hilo lina faida ya pili: wa nyumbani wakiliona limevutwa wanajua mtu yuko kazini, na likifunguliwa wanajua amerudi kwao.

Hili la daraja za faragha si geni pwani. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walijenga katika nafasi finyu kweli. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ukabaki kati ya mita mbili na nusu na tatu hivi. Katika ufinyu huo waliipanga nyumba kwa hatua: mtu baki aliishia dakani, kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe, aliyekaribishwa alipita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, mpaka kiwandani, yaani ua wa ndani, kisha zikaja kumbi ndefu ziitwazo misana, na mwisho kabisa ndani, kwa wenye nyumba. Kila hatua ilikuwa na watu wake. Na vitu vya thamani havikuwekwa sakafuni, vilipangwa kwenye zidaka zilizojengewa ukutani, safu juu ya safu. Kuta zetu za matofali ya inchi 6 hazina unene wa kubeba kidaka, lakini juu ya mlango, juu ya dirisha na juu ya meza yenyewe kuna ukuta mtupu unaoweza kubeba rafu ya mbao ya sentimita 20. Mafaili yakae huko. Katika nyumba ndogo sakafu ni ya miguu.

Kwa hiyo, katika sebule, meza isikae pale macho ya mgeni yanapoangukia mlango unapofunguliwa. Ipeleke kwenye kona ya ndani, mbali na televisheni. Chumba cha kulala kinafaa kama unalala peke yako. Kama mnalala wawili na kazi yako inavuka saa nne usiku, kwa sababu mwajiri yuko Marekani na kwake ni mchana, usikae humo. Mwenzako naye ana haki ya giza.

Kabla ya vipimo vya meza, mfano mmoja wa mbali: mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa karibu mita 3.4, na majiko ya namna hiyo yalijengwa kama 10,000. Alichunguza jinsi majiko ya mabehewa ya chakula ya treni yalivyopangwa, akahesabu hatua za mpishi, akaweka kiti cha kuzunguka mbele ya dirisha na taa ya dari inayosogezwa kwenye reli. Hakuna aliyewahi kuonyesha vizuri zaidi kwamba udogo wa chumba unashindwa kwa vipimo. Hata hivyo jiko lile lililaumiwa kwa jambo moja la kweli: lilimtosha mtu mmoja tu, mtoto au mume hakuwa na pa kusimama kusaidia. Anayepanga kona ya kazi nyumbani ajifunze yote mawili. Pima kwa makini, na acha nafasi ya mtu wa pili kuja kusimama kando yako, awe mteja au mwanao mwenye swali la hesabu.

Sasa meza. Chukua utepe wa karatasi uubandike sakafuni kwa vipimo kamili kabla ya kumlipa seremala, uishi nao siku chache. Urefu wa sentimita 100 na upana wa 60 vinatosha kazi nyingi. Mwenye kompyuta mpakato tu anaweza kuridhika na upana wa 50. Kimo kiwe 72 hadi 75. Nyuma ya meza acha sentimita 75 za kuvuta kiti. Mafundi wa Keko watakutengenezea meza ya kukunja yenye bawaba, inayolala ukutani usiku, lakini uliza kwanza kama mwenye nyumba anaruhusu kutoboa, na kumbuka kwamba tofali lenye matundu halishiki skrubu ya kawaida. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na hajui kama ataongeza mkataba ni bora achukue meza ya kusimama yenyewe.

Kiti ukipate cha kukufanya miguu ikanyage sakafu yote na viwiko viwe sawa na meza. Mfupi aweke kibao chini ya nyayo. Kompyuta mpakato ina kasoro ya kuzaliwa: skrini na kibodi vimeunganishwa, hivyo ukiweka kimoja mahali pake kingine kinakuwa pabaya, na shingo ndiyo inayolipa. Inue kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja, kisha nunua kibodi na kipanya vya pembeni. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, nunua hivyo kabla ya kiti cha magurudumu.

Imebaki umeme. Soketi yetu ni ya volti 230 na fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, yaani wati 2,990 kwa jumla. Kompyuta mpakato na feni na taa havifiki hata 200. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000, na pasi zaidi ya 1,000. Viwili hivyo kwenye waya mmoja wa kuongezea vitauchemsha, hasa ukiwa umekunjwa kama ulivyotoka dukani. Waya wa meza ya kazi uwe wa meza ya kazi. Ruta nyingi hutumia volti 12 na umeme mdogo sana, hivyo betri ndogo ya kuiendesha umeme ukikatika ni ununuzi wa busara kuliko jenereta ya kuwapigia kelele majirani. Ruta yenyewe iweke juu, mahali pa wazi, isijifiche nyuma ya friji. Zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi, na yale ya 5 GHz hudhoofika zaidi ya yale ya 2.4 GHz, hivyo anayekaa chumba cha pili aunganishe na hayo ya 2.4 GHz, au avute waya kutoka kwenye ruta hadi mezani kwake.

Wiki ijayo: saa za kazi ndani ya nyumba yenye watoto, na nani alipe luku ya ofisi.