KANSA IKIINGIA NYUMBANI, USIBEBE MZIGO PEKE YAKO



Kila mtu aliyefanya kazi chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, anajua kazi ya kwanza ya zamu. Mbele ya kugusa mashini, watu wanapiga dari ya shimo kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali. Mwamba ulioachana unatoa sauti ya mtungi mtupu. Aliyesikia sauti ile hanyamazi. Anaita wenzake, anaita kapita, na hakuna anayemcheka kuwa ni mwoga.

Lakini mtu huyu huyu, akirudi nyumbani na kuona alama mbaya katika mwili wa bibi yake, wa mama yake ao wake mwenyewe, mara nyingi ananyamaza. Leo ukurasa huu unasema juu ya kimya hicho. Unasema juu ya kansa, na namna ya kuomba shauri na msaada mapema, mpendwa wetu akipatwa na ugonjwa huo.

JAMAA MOJA YA MFANO

Tuchukue jamaa moja ya mfano. Haina jina, maana inaweza kuwa katika kila kambi. Baba anaendesha lori kubwa la kubeba mawe. Mama ana miaka 52. Damu ya mwezi ilikwisha kukoma miaka miwili iliyopita, na sasa imerudi. Mama anaona haya kusema. Jirani anampa mizizi ya kunywa. Miezi sita inapita.

Siku moja mama anaanguka sokoni. Anapelekwa hospitali. Munganga anakata kipande kidogo cha nyama kwenye shingo ya kizazi, kinapelekwa kupimwa. Majibu yanarudi: kansa ya shingo ya kizazi.

Baba peke yake anapokea barua. Anaikunja na kuitia katika mfuko wa nguo ya kazi. Kwa majuma matatu haambii mtu. Bibi yake anamwambia: «Ni kidonda tu.» Usiku halali. Mchana anapanda lori na macho mazito.

Kisha habari inatoka, maana ugonjwa haufichwi. Dada za baba wanasema kuna uchawi katika jamaa ya mama. Ndugu za mama wanajibu kuwa ni bwana aliyeleta ugonjwa kutoka inje. Wengine wanataka kwenda kwa mfumu, wengine wanataka maombi ya usiku kucha. Feza inatoka, kuku wanatoka. Na katika wakati huo wote hakuna mtu aliyekwenda kumwuliza munganga hata swali moja.

Siku ya kuamka ilikuja kazini. Lori lilikaribia kuanguka kwenye ukingo wa barabara ya shimo. Kapita hakuanza kwa kugomba. Aliuliza: «Baba, una nini nyumbani?» Pale tu baba akatoa barua mfukoni.

YALE TUNAYOPASWA KUJUA

Kansa ni sehemu ya mwili inayokua bila kufuata amri ya mwili. Inakula nyama iliyo karibu, na ikiachwa inapeleka mbegu zake mahali pengine. Kansa haiambukizi. Unaweza kula bukari katika sahani moja na mgonjwa, kumwosha, kulala naye kitanda kimoja. Usimtengee kikombe chake, maana utamwumiza zaidi kuliko ugonjwa.

Kansa ya shingo ya kizazi, karibu yote, inatokana na kijidudu kinachoitwa virusi ya papiloma. Virusi hii inapita kwa njia ya kulala pamoja, na watu wengi wanaipata wakati fulani wa maisha. Kwa wengi mwili unaifukuza. Kwa wachache inabaki, na inaweza kukaa miaka 10, 15 hata 20 mbele ya kuleta kansa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ilitoka kwa nani, wala siku gani. Bwana asimhukumu bibi, na bibi asimhukumu bwana. Wala tusitafute mchawi. Mwenye kutafuta mwenye kosa anapoteza siku ambazo mgonjwa anazihitaji.

Alama za kupeleka hospitali bila kungoja ni hizi: damu kisha kulala na bwana, damu katikati ya mwezi, damu iliyorudi kisha kukoma, maji yenye harufu mbaya, maumivu ya chini ya tumbo yasiyokwisha. Alama hizi zinaweza kuwa za ugonjwa mwingine mdogo. Munganga ndiye wa kusema.

SHAURI LINAOMBWA KWA NANI?

Kwanza, kwa mgonjwa mwenyewe. Mwili ni wake. Baba wa mfano wetu alificha barua kwa mapendo, lakini mama alikwisha kujua kuwa kuna jambo kubwa, na aliogopa peke yake usiku. Mwulizeni mgonjwa: unataka kujua mambo yote, ao kidogo kidogo? Unataka nani akusindikize?

Pili, kwa munganga na muuguzi. Msiende mtu mmoja. Mtu aliyeambiwa «kansa» hasikii tena maneno yanayofuata. Mwende wawili, mmoja wa kusikia na mmoja wa kuandika. Mkikosa kufahamu, mwombe arudilie kwa Kiswahili, polepole. Hiyo si haya.

Tatu, kwa ofisi ya sosiali na ofisi ya personeli. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 ya inchi yetu inamlazimisha mwenye kuajiri kumpa mfanyakazi na jamaa yake matibabu, dawa na hospitali, wakati mkataba wa kazi unaendelea. Sheria hiyo inawahusu hata wale wa kampani ndogo zinazochukua kazi za kampani kubwa. Mwulize kwa barua, na mchunge kopi: kitu gani kinalipwa? Safari inalipwa? Hospitali ya inje inalipwa? Mkiwa na mashaka, mwoneni mjumbe wa sendika mbele ya kuuza nyumba ao kukopa feza kwa riba.

Ine, kwa kapita wako. Mtu asiyelala ni hatari kwa wenzake. Dereva aliyekesha na mgonjwa hafai kushika lori siku ile. Omba kubadilisha zamu ao siku za mapumziko. Ukisema mapema, kazi inapangwa. Ukificha, ajali inapanga yenyewe.

Tano, kwa watu wa imani na wa jirani: jumuiya ya kanisa, akina mama wa kambi, na zaidi mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Maombi yanatia mtu nguvu, na mwenye imani asiyaache. Lakini pasta ao padri mwenye hekima atasema: ombeni, na randevu ya hospitali msiikose. Na kama mgonjwa anakunywa mizizi, amwambie munganga bila kuficha, maana dawa nyingine zinapigana.

MASWALI YA KUANDIKA KATIKA DAFTARI

Nunueni daftari moja la shule. Andikeni ndani maswali haya, na majibu chini yake:

1. Kansa inaitwaje, na imeanzia wapi?
2. Imefika wapi? Iko mahali pamoja ao imetembea?
3. Matibabu gani yanafaa: kupasuliwa, miali, ao dawa za kansa? Yanatafuta kuponya, ao kupunguza maumivu?
4. Yanafanyika hospitali gani, na kwa siku ngapi?
5. Yataleta taabu gani mwilini, na tufanye nini ikitokea?
6. Yatapunguza feza ngapi, na kampani inalipa nini?
7. Kitu gani kikitokea turudi hospitali usiku ule ule?

Majibu ya swali la pili na la tatu yanauma. Lakini jamaa inayoyajua inaweza kupanga. Isiyoyajua inakimbia huku na huku mpaka nguvu na feza zinakwisha.

TUSIOGOPE MIALI

Wengi wanasikia «miali» na kufikiri watachomwa kwa moto. Sivyo. Mgonjwa analala chini ya mashini kwa dakika chache, hasikii kitu, kisha anarudi. Uchovu, kuhara na ngozi kuwasha vinaweza kufuata, na vina dawa. Mara nyingi miali ya inje inatolewa siku 5 kwa juma, kwa majuma 5 hivi, na nyingine inatolewa kwa ndani.

Wazee wetu walikuwa na mkono katika matibabu haya. Mwaka 1915 uraniumu ilivumbuliwa Shinkolobwe, upande wa Likasi. Tangu mwaka 1922 mawe yake yalifanyiwa kazi huko Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiumu, na wanganga wa inchi nyingi walitumia radiumu kutibu kansa, hata hii ya shingo ya kizazi. Leo mashini ni nyingine, lakini miali inafanya kazi ile ile: kuua nyama mbaya. Angalisho: jiwe la shimo si dawa. Mtu asilete jiwe la uraniumu nyumbani wala kuliweka juu ya kidonda. Miali isiyopimwa na munganga inaleta ugonjwa.

Kwa matibabu ya miali, jamaa nyingi za Katanga zilivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda hospitali ya kansa ya Lusaka, Zambia. Munganga wenu atawaambia mahali panapofaa leo. Msiondoke bila barua yake, majibu ya nyama iliyopimwa, vitabu vya safari, na kujua mahali pa kulala.

KUGAWANA KAZI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mgonjwa mmoja analeta kazi ya watu watano. Iteni jamaa, pande mbili, mkae chini mara moja tu, na kila mtu atoke na kazi yake: nani anasindikiza hospitali, nani anachunga daftari, nani anachunga feza na kuandika kila franka, nani anapika na kuteka maji, nani anaangalia watoto na shule. Mtu mmoja tu aseme na munganga kwa jina la jamaa, ili maneno yasigongane.

Watoto pia waambiwe, kwa maneno ya umri wao: «Mama ni mgonjwa sana. Ugonjwa wake hauambukizi. Si kosa lenu. Tunamtibisha.» Mtoto asiyeambiwa kitu anafikiri ni yeye aliyeleta ugonjwa.

Yule anayemtunza mgonjwa apumzike. Mara nyingi ni binti ao dada, na hakuna anayemwuliza habari yake. Siku moja kwa juma mwingine ashike mahali pake.

MAUMIVU YANA DAWA

Wengine wanafikiri mgonjwa wa kansa ni lazima alie usiku kucha. Si kweli. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia, OMS, linafundisha kutuliza maumivu ya kansa kwa ngazi, kuanza na vidonge vya kawaida hata kufika morfini ya kunywa. Dawa inatolewa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi. Morfini iliyopimwa na munganga haimwui mgonjwa. Inafunga tumbo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha. Hata pale ambapo kansa haiponi tena, kazi ya munganga haijakwisha, wala kazi ya jamaa.

JAMAA YETU IMEFIKA WAPI?

Baba aliyetoa barua mfukoni alipewa siku za mapumziko. Yeye na bibi yake walikwenda pamoja kwa munganga, na mtoto wa kwanza akaandika. Waliambiwa ukweli: kansa imetoka kidogo kwenye shingo ya kizazi, haiwezi kupasuliwa tena, lakini miali na dawa vinaweza kuisaidia. Mama alilia. Kisha alisema: «Sasa najua ninapigana na nini.» Walivuka mpaka. Mama amerudi, amekonda, anakula kidogo kidogo. Munganga hakuahidi kitu, na kila miezi mitatu wanarudi kuonekana. Angekuja katika mwezi wa kwanza wa damu, njia ingekuwa fupi zaidi.

Binti yake wa miaka 31 hakungoja. Alikwenda kupimwa. Muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa na maji kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja hivi, na mahali penye mashaka panageuka peupe. Palipo peupe panaweza kutibiwa mbele ya kuwa kansa. Mwaka 2020 OMS ilitoa mpango wake: wanawake wapimwe wanapofika miaka 35, na tena miaka 45. Mwanamke mwenye virusi ya ukimwi anaanza mapema zaidi, tangu miaka 25. Na kwa wasichana wa miaka 9 hata 14 kuna chanjo ya virusi ya papiloma. Uliza kwenye hospitali yako kama inapatikana.

Baba, leo jioni mwulize bibi yako: «Mwili wako unasema nini?» Mama, mwulize bwana wako vilevile. Na mkisikia sauti ya mtungi mtupu, iteni wenzenu.