Kalamu Mikononi mwa Wengi: Blogu na Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwanachuo anayepelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo juu ya milima ya Uluguru, iwe ni upande wa Matombo, Kinole au Mgeta, huenda asikute kompyuta hata moja shuleni hapo. Hata hivyo, asidhani kwamba amefika mahali ambapo habari hazifiki. Watu wanaoteremsha ndizi na mboga kwenda Morogoro mjini hupanda tena mlima wakiwa na simu mikononi, na habari hupanda pamoja nao. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuingia darasani akiwa amekwisha kusikia mambo ambayo mwalimu wake hajayasikia. Baadhi ya mambo hayo ni kweli, mengine ni uzushi, na mtoto hana njia ya kuyapambanua.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hii ilivyoanza, hasa kwa kuitazama blogu, kisha kuonyesha kazi ambayo mwalimu aweza kuifanya kwa ubao, karatasi na gundi. Hoja yetu ni moja. Blogu ilimwondoa mhariri mlangoni, lakini kazi ya mhariri haikwisha. Ilihamia kwa kila mtu aandikaye na kila mtu asomaye, na hapana budi ianze kufundishwa shule ya msingi.

Nani alishika kalamu zamani

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Wasomaji walipeleka barua na mashairi yao, na mengi yalichapishwa, lakini aliyeamua lipi litoke na lipi lisitoke alikuwa mhariri aliyewekwa na serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu mjini Dar es Salaam, ili Waafrika wapate mahali pa kusema wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa nzito, kwa kuwa gazeti lilihitaji karatasi, mitambo, fedha na ruhusa.

Hapa Uluguru tuna mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Wao walijua kwamba katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, na kwamba kuchimba ngazi huufukua udongo wa chini usiozaa. Hoja zao walizisema mashambani na mikutanoni, lakini hawakuwa na gazeti lao ambalo mtawala angeweza kulisoma. Mwezi Julai 1955 kulitokea ghasia huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu akauawa. Mpango huo ukaachwa. Hatudai kwamba gazeti lingezuia mauti hayo. Twasema tu kwamba sauti ya mkulima ilisikika mjini kwa mlio wa bunduki, ilhali ingaliweza kusikika kwa maandishi.

Blogu ni nini

Blogu ni ukurasa wa intaneti ambao mtu mmoja au kikundi huandika mara kwa mara. Andiko jipya hukaa juu, la zamani hushuka chini, na kila moja huwa na tarehe yake. Mwanablogu hahitaji mtambo wa kuchapa wala gari la kusambazia magazeti. Chini ya andiko lake wasomaji huandika maoni, hivyo aliyekuwa msikilizaji hugeuka kuwa msemaji. Tena mwandishi aweza kumwelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine alikopata habari, ili msomaji ajionee mwenyewe.

Mwalimu wa lugha atambue pia kwamba neno hili limekwisha kupata makazi katika Kiswahili. Twasema blogu hii na blogu hizi, mwanablogu na wanablogu. Lugha yetu haikushindwa kulipokea, kama ambavyo haikushindwa kupokea shule, redio na gazeti.

Ilivyoanza kwetu

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha blogu iliyoitwa Jikomboe na kuiandika kwa Kiswahili. Wakati huo wengi waliamini kwamba intaneti ni mahali pa Kiingereza. Yeye aliwahimiza wengine waandike kwa lugha yao. Mwaka 2005 mpiga picha wa magazeti, Muhidin Issa Michuzi, alianza blogu yake akiwa Helsinki, Finland. Mwaka 2006 ukaanzishwa uwanja wa majadiliano wa Jambo Forums, ambao baadaye uliitwa JamiiForums, mahali ambapo wananchi walijadili siasa na mambo ya umma, wengi wao bila kutaja majina yao halisi. Mwezi Julai 2009 mkondo wa kwanza wa mawasiliano upitao chini ya bahari, wa kampuni ya SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na matumizi ya intaneti yakazidi kupanuka.

Miaka iliyofuata, watu wengi walihamia kwenye mitandao ya kijamii na makundi ya simu, ambako kuandika ni kwepesi zaidi. Lakini tabia ile iliyoanzishwa na blogu, yaani kila mtu kuwa mtangazaji, ndiyo iliyoendelea.

Mabadiliko matatu

Badiliko la kwanza limegusa vyombo vya habari. Zamani gazeti lilimsubiri mwandishi afike kwenye tukio. Siku hizi raia aliyepo huwa ametangaza kabla mwandishi hajapanda basi. Faida yake ni kwamba habari ya kijiji cha mbali yaweza kujulikana. Hasara yake tuliiona hapa Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Picha za tukio hilo zilienea katika simu upesi sana. Zilionya na kuhuzunisha, lakini picha ya aina hiyo yaweza kumfikia mzazi kabla hajaletewa habari na ndugu aliyekaa naye na kumshika mkono. Mhariri mzuri angaliuliza: je, jamaa wa huyu wamekwisha kuarifiwa?

Badiliko la pili limegusa siasa. Nchini Kenya, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh na wanablogu wenzake walikusanya habari kutoka kwa raia, na mwanzoni mwa mwaka 2008 wakaunda ramani ya matukio waliyoiita Ushahidi. Jina hilo la Kiswahili baadaye lilijulikana duniani kote. Hapa Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wajisajili na kulipa ada zilizofikia jumla ya shilingi zipatazo milioni 2.1. Serikali ilisema yahitajika kuzuia uzushi, matusi na chuki. Waliopinga walisema ada hiyo humnyamazisha mwananchi wa kawaida. Mwezi Juni mwaka huohuo JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini swali lililo chini yake lingali nasi: ni nani anayestahili kuchuja maneno, ni serikali peke yake, au ni raia aliyefundishwa kuyapima?

Badiliko la tatu limegusa utamaduni. Blogu ya Michuzi ilijaa picha za harusi, misiba, michezo na mitaa, na Mtanzania aliye ughaibuni aliweza kushiriki furaha na majonzi ya nyumbani. Kiswahili kilipata uwanja mpya wa kuandikwa. Lakini maneno ya matusi, ambayo mtu asingethubutu kuyatamka mbele ya wazee, yalipata uwanja huohuo, kwa sababu msemaji haonekani uso.

Gazeti la ukutani kama chombo cha kufundishia

Yote tuliyoyaeleza yaweza kufundishwa bila umeme. Gazeti la ukutani ni chombo cha siku nyingi katika shule zetu, nalo lina karibu kila sifa ya blogu: laandikwa na watoto wenyewe, lina tarehe, na lapokea majibu. Mwalimu wa darasa la tano au la sita aweza kufuata hatua hizi katika vipindi vinne vya Kiswahili.

1. Kuona na kuandika. Kila mwanafunzi aandike habari fupi ya jambo aliloliona mwenyewe: kijito kilichopungua maji, bei ya ndizi, daraja lililobomolewa na mvua. Asiandike alilosimuliwa.

2. Kuhariri. Wanafunzi wabadilishane karatasi wawili wawili, na kila mmoja amwulize mwenzake maswali matano: Nani aliona? Lini? Wapi? Ni nani mwingine awezaye kuthibitisha? Je, kuna mtu atakayeumizwa bila sababu? Habari isiyojibu irudishwe kwa mwandishi, wala isichanwe.

3. Kubandika na kujibu. Habari zibandikwe, na chini ya kila moja iachwe nafasi ya maoni. Anayejibu aandike jina lake, aijibu hoja, asimtukane mtu.

4. Kusahihisha. Ikigundulika kwamba habari ilikosewa, isiondolewe kimyakimya. Masahihisho yaandikwe kando yake kwa wino mwingine, pamoja na tarehe. Hapo mtoto hujifunza kwamba kukiri kosa ni sehemu ya kusema kweli.

Mwisho wa hatua hizo, mwalimu aandike ubaoni methali isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Darasa ligawanyike katika pande mbili na kujadili. Upande mmoja utaonyesha kwamba uvumi mara nyingine hutangulia kweli. Upande wa pili utauliza ni watu wangapi wameonewa kwa jambo lililosemwa na halikuwapo kamwe. Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu. Lengo ni watoto wazoee kudai ushahidi, hata mbele ya methali.

Tahadhari mbili zafaa kutajwa. Kwanza, mwalimu asiwaambie watoto kwamba kila kilichomo katika simu ni uongo. Mtoto anayekataa kila kitu hana tofauti na anayeamini kila kitu, kwa kuwa wote wawili hawapimi. Pili, mwalimu mwenyewe ajichunge. Akisambaza uzushi jioni, somo lake la asubuhi litakuwa kazi bure, maana vijijini hakuna siri, na mzazi aliyeupokea uzushi huo aweza kuwa baba wa mwanafunzi wake.

Hitimisho

Wakulima wa Matombo mwaka 1955 walikuwa na hoja lakini hawakuwa na ukurasa. Wajukuu wa wajukuu wao wanao ukurasa. Kinachohitajika sasa ni kuwapa uwezo wa kuujaza kwa hoja. Jukumu hilo halikukabidhiwa kampuni za simu. Ni la mwalimu anayesimama mbele ya watoto arobaini au zaidi, akiwa na chaki mkononi.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Taja habari moja uliyoipokea kwa simu wiki hii. Je, ingepita katika maswali matano ya mhariri?
2. Andaa andalio la somo la dakika 40 kwa hatua ya pili iliyoelezwa hapo juu. Utawasaidiaje wanafunzi wanaosoma kwa shida?
3. Mzazi analalamika kwamba gazeti la ukutani limetaja ubovu wa kisima cha kijiji. Utamjibu nini, nawe utawaeleza nini wanafunzi wako?